Kiboko wa Hamimu Apanda Mutanga

Kila Alhamisi baada ya alasiri, Zubeda alifunga nusu ya mlango wa duka lake la vitenge pale Buyenzi, mjini Bujumbura, akaketi juu ya robota la nguo, akakohoa kidogo kusafisha koo, kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Bismillahi. Haya jamani, habari za wasanii wetu wiki hii."

Ndivyo ilivyoanza kila habari yake. Alieleza nani anaimba harusi ya nani, kikundi gani cha maigizo kinacheza wapi, kijana gani wa Kinama anachora picha juu ya magunia ya unga na bado anatafuta ukuta wa kuzitundika. Sauti ile ilitoka kwenye simu yake ikaingia kwenye simu za wenzake, nao wakaipitisha kwa wengine. Wanawake waliisikiliza huku wakichagua mchele, na mafundi wa magari waliifungulia sauti hadi mwisho, nyundo zikanyamaza kidogo. Zubeda alijua kusifu, na kukemea alijua pia. "Ninyi vijana wa maigizo wa Bwiza," alisema wiki moja, "mchezo ulikuwa mtamu, lakini mlituchelewesha mpaka makalio yakafa ganzi. Sanaa isiwe sababu ya kumkalisha mtu mzima juu ya jiwe."

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Siku moja alikwenda kutazama mchezo akakuta waigizaji ni wengi kuliko watazamaji. Njiani akirudi aliwaza: watoto hawa hawakukosa kipaji, wamekosa mdomo, na mdomo ninao mimi. Tangu hapo hakuacha.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye mdomo wa Zubeda haukumweza, naye alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Hamimu alikuwa fundi wa bodi za magari, mtaa wa pili kutoka dukani. Zamani, ukitaka kucheka, ulikwenda gereji kwake hata kama huna gari. Alikuwa mtu wa kelele na visa, na kila kisa alikisimulia kwa mikono miwili, bisibisi ikiwa hewani. Kisha mke wake, Khadidja, akafariki kwa maradhi ya ghafla, na visa vyote vikaenda naye. Hamimu hakugombana na mtu wala hakuacha kazi. Alinyamaza tu. Ukimsalimu anaitika, ukimuuliza bei anataja, basi. Zubeda alimpelekea chakula kila Ijumaa, akakaa naye wakila, na mara nyingi sauti pekee iliyosikika ni ya kijiko na sahani. Alikuwa akirudi nyumbani akihisi ametoka kumtembelea mtu aliye safarini.

Kwa hiyo Alhamisi moja alipoinua macho akamwona Hamimu amesimama mlangoni, kofia mkononi, alishtuka.

"Kaka! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Apana, hakuna mutu anaumwa." Hamimu aliitazama simu mkononi mwa dada yake. "Umeshasema habari zako?"

"Bado. Ndo nataka kuanza."

"Mi niko na kitu. Orlane amekiona. Anasema nikilete Jumamosi kule kwake, Mutanga."

Zubeda alimjua Orlane vizuri. Alikuwa mchoraji, binti aliyemaliza chuo kikuu na kubaki Mutanga Sud, na kila mwaka aliandaa maonyesho ya wasanii wa mitaani katika kiwanja cha nyumba ya shangazi yake. Lakini Orlane na Hamimu walikutana wapi?

"Alileta gari ya shangazi yake, mlango umebondeka," Hamimu alisema, kama aliyesikia swali. "Akaingia nyuma kutafuta maji ya kunawa. Njo ukione na wewe."

Nyuma ya gereji kulikuwa na turubai kubwa la bluu ambalo kwa miezi mingi Zubeda alidhani limefunika vyuma chakavu. Hakukosea, ila vyuma vile vilikuwa vimepata umbo. Hamimu alivuta turubai, na Zubeda akarudi nyuma hatua kadhaa, mkono kifuani.

Alikuwa kiboko. Kiboko mzima, mkubwa kama teksi, amefumbua mdomo. Tumbo lilikuwa la milango ya magari, mmoja mweupe, mmoja wa kijani, mwingine na namba ya teksi iliyofutika nusu. Mgongo ni boneti zilizopigwa nyundo mpaka zikaviringika kama nyama. Masikio yalikuwa pedali za breki, na meno yalikuwa plagi kuukuu, zimesuguliwa zikawaka. Lakini macho ndiyo yaliyomkamata Zubeda. Yalikuwa taa ndogo za pembeni, na fundi alikuwa ameziinamisha kidogo, hata ikaonekana mnyama yule anakutazama na kukucheka.

"Subhanallah," Zubeda alisema. "Kaka. Hii umeifanya we?"

"Nani mwingine?"

"Mbona kiboko?"

"Basi tu."

Alipandisha bega, na Zubeda akaona uso ule umeanza kujifunga tena, akaogopa kuuliza zaidi. Hamimu aliendelea, "Useme hivi: Hamimu, fundi wa Buyenzi, ataleta kiboko. Usiongeze kitu."

Zubeda aliapa hataongeza. Jioni ile aliwaambia wasikilizaji wake kwamba tangu Ziwa Tanganyika lianze kutoa viboko hajatoka kiboko kama huyu, na kwamba asiyefika Jumamosi Mutanga Sud asije dukani kwake kuomba kusimuliwa.

*

Jumamosi asubuhi Bujumbura nzima ilikuwa kwenye kazi za pamoja, kila mtaa unazibua mifereji na kufagia. Lori la kumbeba kiboko lilikuwa limeahidiwa kuja baada ya hapo. Mwenye lori, Anouar, alikuja kweli, ila alikuja kwa miguu.

"Esansi hakuna," alisema. "Nimepanga foleni tangu juzi. Nisamehe, Hamimu. Hata ya kuwasha tu hakuna."

Hakuna aliyemlaumu. Siku zile mji mzima ulikuwa ukitembea kwa miguu. Magari yalikuwa yamelala barabarani katika mistari mirefu mbele ya vituo vya mafuta, wenyewe wamelala ndani. Hamimu alitikisa kichwa mara moja, akaliokota turubai lake la bluu, akaanza kumfunika kiboko kuanzia mkiani.

Zubeda alikuwa amevaa kitenge kipya cha maonyesho. Aliitazama ile mikono ya kaka yake ikivuta turubai polepole, kwa adabu, kama anayefunika maiti, na kitu kikamchoma.

"Unafanya nini?"

"Si umesikia? Lori hakuna. Ni Mungu amepanga."

"Mungu amepanga lori lisije. Hajapanga kiboko asiende." Zubeda aliishika ncha ya turubai. "Watu wameshaambiwa. Mi ndo nimewaambia. Tutamsukuma."

"Mpaka Mutanga? Zubeda, kule ni mlima."

"Huu ni mtaa wa mafundi, kaka. Mutu akikosa magurudumu Buyenzi, atayapata wapi?"

Waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mifereji, majembe begani, walikuwa wamekwisha simama kutazama. Mmoja wao alikuwa Mzee Moosa, mwenye duka la vipuri jirani, ambaye miezi yote ile alimwonya Hamimu juu ya kutengeneza sura ya kiumbe. Hamimu alikuwa akimjibu neno moja tu kila mara: "Haina roho, Muzee. Haina hata injini." Sasa mzee alimzunguka kiboko mara mbili, akagonga tumbo lake kwa fimbo, likalia ngo.

"Na hiyo ekseli ya trela iliyo nyuma ya duka langu inaoza bure," alisema hatimaye, akitazama kando. "Ila muirudishe."

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko Zubeda alivyotumaini. Mafundi ambao mteja huwasubiri wiki nzima walitoka kila mmoja na chake: huyu jeki, yule beringi, mwingine rimu mbili zisizofanana. Mashine ya kuchomelea ikawaka. Kabla ya adhuhuri kiboko alikuwa amesimama juu ya magurudumu manne, mawili ya trela na mawili ya gari dogo, kwa hiyo pua ilielekea chini kama anayenusa majani. Waliswali pale pale msikiti wa jirani, wakatoka, wakafunga kamba mbili mbele, wakaanza.

Nani aliyeanzisha wimbo haijulikani. Ulikuwa wimbo wa kijinga, wa kusukumia:

*Sukuma kiboko, sukuma!*
*Hanywi esansi, sukuma!*
*Anakula nini? Sukuma!*
*Jasho la fundi, sukuma!*

Walipofika Bwiza, wanaoimba walikuwa wengi kuliko wanaosukuma. Watu walitoka madukani na kwenye saluni, mmoja ana povu nusu ya kidevu. "Imvubu! Imvubu!" watoto walimpigia kelele kiboko kwa jina lake la Kirundi, wakikimbia pembeni. Zubeda alitembea mbele akinong'ona na simu yake, halafu akaacha kunong'ona: "Tuko Bwiza, jamani! Wale vijana wa maigizo, leo msichelewe, njooni msukume!" Wakaja kweli, na mavazi yao ya mchezo, mmoja amevaa joho la mfalme.

Hamimu alikuwa nyuma, bega lake juu ya paja la kiboko. Kila Zubeda alipogeuka alimwona ameinamisha kichwa, jasho linatiririka, kimya.

Kwenye njia panda, pale barabara inapoanza kuinuka, polisi alinyoosha mkono. Alikuwa kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, na uso wa mtu asiyependa mizaha.

"Simama! Karatasi za hii gari ziko wapi?"

"Si gari, afande," alisema Zubeda.

"Basi ni nini? Mnyama? Mnyama hapiti barabara kubwa."

"Ni sanaa."

Polisi aliitazama sanaa. Alipiga magoti akachungulia chini yake, akashika gurudumu, akalitikisa.

"Sanaa iko na breki?"

Wengine walicheka. Hamimu hakucheka. Alikuja mbele, akachuchumaa kando ya polisi yule, akatazama chini pale pale alipotazama mwenzake, kama fundi anayeelezwa ugonjwa wa gari.

"Apana," alisema. "Haina. Afande anasema kweli."

"Mlima wote huu, na hii chuma yote, na batu nyuma yake," polisi alisema, sauti imelegea. "Ikirudi je?"

Basi safari ilisimama mpaka yakapatikana magogo mawili ya kuweka nyuma ya magurudumu, kama wanavyofanya matingo wa malori. Gogo moja alilichukua Mzee Moosa. Zubeda akalidaka la pili kabla hajaambiwa kwamba si kazi ya mwanamke, akalikumbatia juu ya kitenge chake kipya. Polisi naye alisimamisha baiskeli mbili na gari moja la ubalozi lililokuwa likielekea Kiriri, akawapungia mkono wapite.

Mlima ule Zubeda hakuusahau. Walipanda kipande kwa kipande: wimbo, vuta, sukuma, "Gogo!", pumzika. Wanafunzi wa chuo walioshuka kununua mkate waliacha mkate wao wakashika kamba. Jua lilikuwa kali, boneti zikawa moto, watu wakavua mashati wakayaweka kati ya viganja na chuma. Kiwanja cha shangazi yake Orlane kilikuwa kimebaki kona mbili tu, na tayari walikuwa wakisikia ngoma za maonyesho, pale gurudumu la kulia la nyuma lilipolia kama mbuzi, likakatika.

Kiboko aliyumba. "Gogo!" mtu alipiga yowe. Zubeda alilitupa lake chini, akaanguka nalo, na chuma kikalikalia kwa kishindo kilichomtikisa meno. Likashika. Alipofungua macho alimwona Hamimu amepiga magoti kando yake, uso umegeuka majivu.

"Mikono! Nionyeshe mikono yako!"

Alimwonyesha. Vidole vyote vilikuwepo, vimechubuka kidogo. Hamimu alivishika kimoja kimoja.

"Inatosha," alisema. "Inatosha, Zubeda. Hapandi tena."

Safari hii dada yake hakubisha. Ekseli ilikuwa imepinda, na hakuna jeki ambayo ingefaa kwenye mteremko ule. Kiboko alikuwa amekaa kando ya barabara, upande mmoja umelala kwenye ukingo wa mfereji, mdomo wazi kuelekea mjini na ziwani. Zubeda alitoa simu. Akampigia Orlane.

"Orlane, mwanangu. Tumeshindwa. Tuko hapa chini, kona ya pili. Gurudumu limekufa."

"Ni mbali na sisi?"

"Mutu akipiga mluzi utausikia."

Kwenye simu ikasikika sauti ya Orlane ikiita watu. Haukupita muda, kutoka juu ya barabara wakaonekana wanashuka. Orlane alikuwa mbele, amebeba kichwani picha pana kuliko kipimo cha mikono yake. Nyuma yake alikuja yule kijana wa Kinama na magunia yake yaliyochorwa, wapiga ngoma na ngoma zao, wafinyanzi wamekumbatia vyungu kama watoto wachanga, na mwishoni Mama Dorothée, shangazi mwenyewe, mwanamke mnene wa heshima, akielekeza vijana waliobeba viti: "Taratibu! Kile kina mguu mbovu!" Walitundika picha kwenye ua wa michongoma pande zote mbili za barabara. Vyungu walivipanga kwenye ukingo wa mfereji. Gari halikuwepo la kuwasumbua. Kabla ya alasiri, maonyesho ya Mutanga Sud yalikuwa yamehamia barabarani, na kiboko amekaa katikati yake kama mwenye shughuli.

"Sasa fundi azungumze," Orlane alisema, akipiga makofi. "Kila msanii anaeleza kazi yake. Ndio sheria yetu."

Zubeda alimwona Hamimu akitafuta pa kupitia. Nyuma kulikuwa na kiboko, mbele watu, pembeni mfereji. Akataka kusimama amsemee, kama alivyomsemea kila mtu. Alikwisha fungua mdomo. Kisha, hata yeye hakujua kwa nini, akaufunga, akabaki ameketi, mikono yake iliyochubuka imefichwa ndani ya kitenge.

"Mi si mutu wa maneno," Hamimu alianza.

"Uongo!" alisema Mzee Moosa.

Watu wakacheka. Hamimu akajikuna shingo.

"Haya. Tulipooana, mi na marehemu... na Khadidja." Jina lile Zubeda hakuwa amelisikia kinywani mwake tangu msiba. "Tulipooana, wiki ya kwanza, nikataka kumuonyesha kama mi ni mume. Nikamupeleka kutembea kando ya ziwa, jioni. Nikavaa suti. Suti ya kuazima, mikono mifupi, hapa." Akaonyesha, na mkono mwingine ukainuka wenyewe. "Tunatembea. Mi naongea tu, najisifu: nikiwa na wewe usiogope kitu, usiogope mutu, usiogope mnyama. Ninasema *mnyama*, naye akatoka. Kiboko! Kutoka kwenye matete, hapa, kama kutoka hapa mpaka kwa Mama Dorothée."

"Ukafanya je?" mtu akauliza.

"Ukafanya je, unauliza? Nilikimbia!" Kicheko kilipasuka barabara nzima. Hamimu alisubiri kitulie, kama alivyojua kusubiri zamani. "Nilikimbia na ile suti, kiatu kimoja kikabaki. Nikafika barabarani ndo nikakumbuka kama nina mke. Ya Rabi! Nikageuka. Namuona Khadidja amesimama pale pale nilipomuacha. Hakusogea. Na kiboko amesimama. Wanatazamana. Kisha kiboko akageuka, akarudi mu maji. Khadidja akaja kwangu polepole, kiatu changu mkononi. Nikamuuliza, mke wangu, ilikuwa je? Akasema: 'Alinionea huruma. Aliona nimeshapata shida ya kutosha.'"

Mama Dorothée alikuwa akijifuta machozi kwa kanga. Mfalme wa Bwiza alikuwa amekaa chini na joho lake. Hamimu naye alicheka, kicheko kile cha zamani cha kupasuka, kilichomshangaza hata mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya pua ya chuma.

"Maisha yake yote alinicheka kwa hiyo," alisema. "Kila nikimkasirisha ananiambia, kimbia basi, shika kiatu. Sasa nyumba imenyamaza. Nikafikiri, nitafute yule shahidi mwingine aliyekuwepo. Ndo huyu."

Mpiga ngoma mmoja akagusa ngoma yake kidogo, na makofi yakaja yote pamoja. Zubeda hakupiga. Alikuwa akilia waziwazi, bila kuficha uso, na hakurekodi hata neno.

*

Maonyesho yale yaliendelea mpaka magharibi ilipokaribia. Watu wa Mutanga walikuja kutoka kila uchochoro. Magunia yote ya kijana wa Kinama yalinunuliwa, yakapata kuta. Tajiri mmoja aliyeshuka kutoka Kiriri kwa miguu, maana hata Kiriri esansi ilikuwa imekwisha, aliuliza kama kiboko anauzwa kwa bustani yake. Hamimu alimjibu kwa adabu kwamba mnyama huyu hapendi bustani, anapenda watu.

Walipoteremka kurudi Buyenzi, kaka na dada, Hamimu aliongea njia nzima. Alimsimulia Khadidja na mama mkwe, Khadidja na jogoo wa jirani, Khadidja alivyokataa kula samaki aliyemtazama. Visa vingine Zubeda alivijua, akavicheka upya. Vingine vilikuwa vigeni kwake kabisa.

Kiboko hakuteremka. Mama Dorothée na majirani wake waliomba abaki kwenye kona ile mpaka gurudumu litengenezwe, na Mzee Moosa aliambiwa asubiri ekseli yake. Sasa kila Ijumaa baada ya swala Hamimu hupanda Mutanga na kopo la mafuta, akampaka kiboko sehemu zinazoanza kushika kutu. Hukaa ukingoni mwa mfereji, wanafunzi wakamzunguka, naye huwasimulia. Ukimuuliza kuhusu gurudumu, anasema linahitaji beringi ambayo haipatikani kabisa mji huu.

Zubeda amezihesabu kwa macho beringi za aina ile, zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji. Hajasema kitu.